Haya, Pumua

Kwako Baba Neema,

Leo asubuhi umande ulikuwa mwingi kwenye masale ya uani, ule unaoning'inia kwenye ncha ya jani kama vile haujaamua kuanguka. Nikasema kwa sauti, "Njoo uone!" Ndipo nikakumbuka kwamba nyumba hii sasa ina mimi peke yangu. Mama Upendo alikuwa upande wa pili wa uzio anaanika nguo, akaitika, "Unaniita, Mama Neema?" Nikamwambia hapana, naongea na kuku. Hatuna kuku, unajua. Na yeye anajua. Akaendelea kuanika nguo zake bila kuniuliza tena, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kaburi lako liko mbali. Tulikurudisha kihambani kwenu, kwenye migomba, kama desturi ilivyo, na wadogo zako wakapanda sale, mmea wa amani wa kwenu, upande wa kichwani. Ni mahali pazuri, pametulia. Lakini kutoka hapa Lemara mpaka kule si safari ya mtu anayetaka tu kusema kwamba umande umeshuka.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, maduka ya mjini yameanza kujaa sabuni na vitenge, lakini mikanda ya kamera bado inapatikana kwa kubahatisha, ikiletwa na watu waliopita mpakani Namanga. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda unafuta kamera ya studio yetu kwa kipande cha kanga yangu iliyochakaa. Lenzi ulikuwa umeilaza kwenye sinia la chai. Nikaiokota, nikaisogeza kwenye ua la maharage, nikachungulia.

"Mama Neema, umeishika kinyume."

"Kinyume au sawa, njoo uone. Hiki kidudu kina nywele miguuni."

"Kidudu gani kina nywele?"

"Njoo basi! Acha ubishi wa kwenu Machame."

Ukaja. Ukainama. Hukuinuka upesi, mpaka nikadhani umeona nyoka. Kilikuwa kile kidudu chekundu chenye madoa meusi, kile ambacho Neema alikuwa anapenda kukitembeza kwenye kiganja. Tulikuwa tumekiona maisha yetu yote. Ulipoinuka ulisema neno moja tu: "Kumbe."

Kesho yake ulikata mpira wa ndani wa baiskeli, ukaifunga lenzi kwenye kamera kinyume, vilevile nilivyokuwa nimeishika mimi. Ikawa ndiyo kamera yetu ya uani. Lenzi iliyofungwa hivyo haikuzungushwa ili picha ikae sawa. Mwili wako ndio uliosogea, mbele kidogo, nyuma kidogo, na pumzi moja ilitosha kuharibu kila kitu. Kazi yangu ilikuwa kushika lile sinia ili jua la asubuhi liruke na kulifikia ua. Nilichuchumaa karibu mno, hata nikipumua petali ilicheza. Ndiyo maana ulikuwa unaninong'oneza, "Usipumue." Tulibana pumzi wote wawili, mimi na sinia langu, wewe na jicho lako, na mdudu katikati yetu asiye na habari. Kamera ikishalia, ulikuwa unasema, "Haya, pumua." Hapo tulihema na kucheka kama watoto waliotoka kuzama mtoni.

Uliwaita wadudu hao wageni wetu. Nikikuletea uji ukiwa umelala kifudifudi kwenye matembele, ulikuwa unaninyooshea kidole: subiri, nina mgeni.

Mama Upendo alikuwa anakutania kila alipopita. "Baba Neema, harusi zimekuishia mpaka unapiga picha inzi?"

"Inzi ana adabu, Mama Upendo. Haji kuniuliza picha zake zimefikia wapi."

Na yule mzee wa Oldonyo Sambu, unamkumbuka? Alikuja studio kupiga picha ya pasipoti, amejifunga shuka lake, fimbo mkononi. Ulikuwa umetundika ukutani picha ya kupe, umeikuza ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Mzee akasimama mbele yake, hakai kwenye kiti wala haangalii kamera.

"Huyu ni nani?"

"Shikamoo mzee. Huyo ni kupe."

"Marahaba. Kupe huyu huyu wa ng'ombe?"

"Huyo huyo."

Akamsogelea akamnyooshea fimbo. "Umenimalizia ng'ombe miaka yote hii, kumbe una sura mbaya namna hii!" Akatugeukia. "Nipige picha nikiwa naye. Nataka vijana wangu wamjue adui yao." Nilicheka mpaka nikatoka nje. Ukampiga kweli, amesimama kando ya kupe, amekunja uso kama yuko barazani anasikiliza kesi.

Kisha zikaja zile mashine zinazosafisha picha za rangi kwa saa moja. Watu wakanunua kamera zao wenyewe, na siku za kipaimara wazazi wakawa wanawapiga watoto wao picha palepale nje ya kanisa. Benchi la studio yetu likabaki na vumbi. Nilidhani utaumia. Ukafunga mlango mapema, ukarudi nyumbani, ukaniambia, "Sasa tuna nafasi ya kutosha na wageni wetu." Kama uliumia, hukunionyesha.

Halafu kifua kikaanza.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo lilinikaa moyoni mpaka jana. Ulianza kutoka uani peke yako. Nilikuwa nachukua sinia nakufuata, na wewe unanirudisha. "Pumzika, Mama Neema. Leo nitajishikia mwenyewe." Nilikaa jikoni nikakutazama kupitia dirishani, umeinama kwenye masale, mgongo wako umekuwa mwembamba. Nilijiuliza nimekukosea nini. Miaka yote ile ya kushika sinia, kisha nikaachwa jikoni kama mgeni. Sikukuuliza. Mtu mgonjwa haulizwi kila kitu.

Asubuhi uliyoondoka nilikuwa nimekushika mkono. Ulivuta pumzi, ukaitoa, na mimi nikasubiri nyingine. Bila kujua nikabana ya kwangu. Nilibana hivyo hivyo, nakutazama mdomo, nikingoja useme lile neno lako. Ni Neema aliyenishika bega. "Mama," akasema. "Mama, pumua."

Baada ya matanga watu wakatawanyika, na Neema akarudi kwake Njiro. Anataka nikaishi naye. Nyumba yake ni nzuri, ina ukuta mrefu na uani kote amemwaga saruji. Nimemwambia nitafikiri. Kamera yako ilibaki kwenye kabati la vyombo, lenzi imefungwa kinyume na mkanda ukiwa bado ndani. Kila Jumapili akija aliiangalia.

"Mama, nipe huo mkanda nipite nao mjini ukasafishwe. Utaharibika."

"Haujaisha."

"Hata ambao haujaisha unasafishwa."

"Baba yako hakuwahi kutoa mkanda ambao haujaisha."

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Niliona kwamba ule mkanda ukibaki ndani, bado kuna kitu chako ambacho sijakiona. Ukisafishwa, umekwisha. Na niliogopa pia kuona ulichokuwa unakitafuta kule uani bila mimi.

Lakini kamera ya kulala kabatini ni kama chungu kisichopikiwa. Wiki iliyopita umande ulishuka, mlima ukawa wazi mpaka kileleni, nikaitoa. Sinia nililiegemeza kwenye ndoo. Nikapiga tone la umande kwenye ncha ya sale, nikasogea mbele kidogo, nyuma kidogo, kama wewe. Nilibana pumzi kila mara mpaka kichwa kikazunguka, na kamera ikilia hapakuwa na mtu wa kuniambia kitu. Nikaumaliza mkanda hivyo. Nikaurudisha kwenye kopo lake kama nilivyokuwa nakuona ukifanya, nikampa Neema.

Jana amekuja na bahasha. Hata shikamoo yake ilikuwa ya chini.

"Marahaba. Mbona umeninunia?"

"Sijanuna, mama. Yule kijana wa mashine anasema picha zimeharibika. Zimetikisika. Zile zako za mwisho ndizo zimekaa vizuri. Lakini za baba..." Akanisogezea bahasha. "Pole, mama."

Nikazipanga mezani. Ua la maharage limekuwa kama moshi wa zambarau. Buibui ana miguu isiyohesabika. Jani la sale limepanda na kushuka, limepanda na kushuka, picha baada ya picha. Wewe, ambaye ulimpiga nzige mpaka miiba ya miguu yake ikahesabika.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini ulinirudisha jikoni. Ungeniambiaje "usipumue," na wewe mwenyewe huwezi tena kuizuia pumzi yako?

"Hazijaharibika," nikamwambia Neema.

"Mama, hata mdudu mwenyewe haonekani."

"Simwangalii mdudu."

Akanitazama, akazitazama tena. Akavuta kiti akakaa karibu yangu.

Ile yangu ya tone la umande nimempa Neema akaiweke Njiro, kwenye ukuta wake mweupe. Ni nzuri, imetulia kabisa, haina mtu ndani yake. Ile ya jani la sale, iliyotikisika kuliko zote, nimeitundika hapa juu ya meza ya chakula. Wageni wakiuliza ni picha ya nini, nitawaambia ni ya Baba Neema. Wakisema hawamwoni, nitawakaribisha chai.

Leo nilipoamka niliitazama kwanza. Jani linapanda, linashuka.

Lala pema kwenye migomba yenu. Masale ya huku nitayamwagilia, na wageni wetu nitawapokea. Usiku mwema, mwenzangu. Haya, pumua.

Ni mimi niliyekushikia sinia,
Mama Neema