Vuai Alihesabu Mababu Watatu

Matrah, Jumanne, Oktoba 1970

Joto halijapungua, lakini mimi leo sisikii joto wala baridi. Tangu turudi kutoka kwa sheikh nimekaa tu. Nimekunywa chai na sijui kama ilikuwa na sukari.

Bora niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Serikali mpya ya hapa Uarabuni inataka watu waliosoma, na sisi tuliotoka Unguja tunakaribishwa. Ila bila ya barua ya sheikh wa kabila lako, kwamba anakujua na wewe ni wake, hupati pasi wala kazi. Basi asubuhi nlikwenda barazani kwa sheikh wetu, nkamchukua na Vuai.

Vuai si Mwarabu. Ni mtu wa Unguja kusini, kwa baba na kwa mama. Tulikimbia pamoja, na hapa tunalala chumba kimoja mwaka wa tano huu. Mtu kama yeye alikimbia nini? Alikimbia kwa sababu ya chama chetu. Na chama hicho, wallahi, kwetu kilianzia uani kwa baba yake, kwa wakulima waliochoshwa na Mngereza na amri zake juu ya ng'ombe wao. Sisi Waarabu wa mjini, baba yangu akiwemo, tulikuja baadaye na magari na hotuba, tukapewa viti vya mbele.

Wapinzani wakakiita chama cha Waarabu. Nlivyokuwa nkipandwa na hasira! Nlisimama mikutanoni nkisema kwetu mtu haulizwi kabila, anaulizwa kadi. Nkimwonyesha Vuai: mtazameni huyu.

Yalipokuja mapinduzi walimpiga kuliko walivyonipiga mimi. Walimwambia, huyu Mwarabu ana udhuru, wewe huna.

Sheikh alitupokea kwa tende na kahawa, mtu mpole. Akaniambia nihesabu mababu. Nkahesabu saba, kama nlivyofundishwa utotoni, akaridhika. Barua yangu ikapigwa muhuri pale pale. Akamgeukia Vuai. Vuai, kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani, akasema: Haji, Makame, Mcha. Akaishia hapo. Ndio basi.

Sheikh akaniuliza mimi, hakumuuliza yeye: "Huyu ni wenu?"

Tulikwisha kubaliana njiani. Nilitakiwa niseme ni mtoto wa ami yangu. Watu wanafanya hivyo, na sheikh anajua kuwa wanafanya. Anachotaka ni mtu mmoja tu asimame amdhamini mwenziwe kwa jina lake.

Nkanyamaza.

Si kwamba nliogopa sana. Ingekuwa afadhali. Nliwaona wazee waliokaa ukutani wananitazama, nkafikiri: wakimshuku huyu watanishuku na mimi, na mama yangu mwenyewe Mswahili. Nkaikunja barua yangu. Ndivyo nlivyofanya. Nliikunja mara mbili, kwa makini, wino usichafuke.

Vuai ndiye aliyejibu. "Mimi rafiki yake tu, sheikh. Nimemsindikiza." Akatikisa kikombe, kama ilivyo adabu ya hapa mtu akitosheka na kahawa, tukaaga.

Njiani hakunilaumu. Alinunua samaki, akauliza kama ndimu zimebaki nyumbani. Laiti angenitukana! Baada ya alasiri akaniomba nimwandikie mjomba wake Mombasa, amtafutie kazi yoyote, hata ya kubeba magunia. Nkaandika. Nlipofika pa kueleza kwa nini anaondoka, akanizuia.

"Hilo la sheikh usilitie, Seif. Mjomba atakuona mtu mbaya bure."

Nlidhani nitalia. Sikulia. Nkamuuliza anwani ya mjomba, nkaiandika kwa khati nzuri.

Sasa anafunga mzigo wake, nami namtazama kama namtazama mtu wa nyumba ya pili. Waliotuita chama cha Waarabu nliwaita waongo miaka yote ile, mbele ya watu, kwa sauti kubwa.

Hivi mwongo alikuwa nani?