Nguo ya Pande Mbili

Chang'ombe, Dodoma
Jumatatu

Kwa mjomba wangu mpendwa, Alhaji Halfani,

Asalaam aleikum, na shikamoo nyingi. Ni matumaini yangu u mzima, pamoja na mama Abdulrahim na wote hapo Kondoa. Goti lako linaendeleaje? Na alizeti, mvua iliwatosha? Sisi huku ni wazima, isipokuwa mama, kama ulivyosikia.

Naandika kwa sababu simu yako huiweka sauti kubwa, duka zima likasikia, na haya si ya kusikilizwa na wanunuzi wa sukari. Barua nimempa dereva wa basi unayemfahamu.

Mama hainuki tena. Daktari amesema moyo umechoka, turudi naye nyumbani. Akina mama wa kanisani wakija kuimba, anaimba nao. Wakiondoka, namsikia akisoma Alhamdu polepole. Mimi sishangai, nimelelewa humo humo. Kwako naitwa Shamimu, kwa upande wa baba naitwa Hilda, na mama akikasirika huyaita yote mawili kwa pamoja.

Lakini watu sasa wanataka jibu. Baba mdogo Sila alikuja kutoka Kongwa kunikumbusha kwamba nafasi ya kaburi kando ya marehemu baba ipo, na kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nawe ukaniambia kwenye simu kwamba mwacha asili ni mtumwa, Ijumaa unakuja kumchukua dada yako, na ile sanda uliyomletea kutoka Makka, iliyochovywa kwenye maji ya zamzam, niiweke tayari. Nikaitikia, sawa mjomba. Tangu siku hiyo natafuta namna ya kukuandikia.

Kazi yangu unaijua, ingawa huwaambia watu kwamba naandika mabango. Mwaka huu wasanii tulitakiwa tuonyeshe kazi kuhusu watu wasioingia katika fungu hili wala lile. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilicheka, maana hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Nikaamua kushona gauni moja lenye pande mbili. Wakati huo mama alikuwa bado mzima, yuko Kibaigwa kuuza mahindi. Nikampigia kumwomba vitambaa, akasema nifungue sanduku lake nichukue chochote.

Chini kabisa nilikuta kanga imefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vazi la buluu la umoja wa akina mama wa kanisani, jipya, na kitambaa cheupe cha marekani kilichokunjwa vizuri. Mjomba, marekani ndiyo sisi tunayochorea. Nilidhani kaninunulia. Nikakata, nikashona, buluu kulia, nyeupe kushoto, na ule upande mweupe nikaupaka udongo mwekundu kuanzia chini hadi magotini.

Ukumbini siku ya maonyesho watu walibishana kama ni kanzu au joho la kanisani. Nilivimba kichwa, sikufichi. Kisha mama akaja kwa bajaji kuangalia kazi ya mwanawe. Alisogea, akashika upindo wa ule upande mweupe, akaunusa. Ndipo akaniambia kwamba ile nyeupe ni sanda uliyomletea, na lile vazi la buluu ndilo wenzake wa kanisani huzikwa nalo. Aliviweka pamoja kwa sababu hakuwahi kuamua. Kila alipofungua sanduku ili aamue, alilifunga tena.

Nililia mbele ya wageni. Yeye hakukasirika hata kidogo. Alisema kumbe alikuwa anamsubiri mtu asiyejua aje amwamulie.

Sasa nguo imetundikwa ukutani, pembeni ya kitanda chake, na anasema azikwe nayo vile ilivyo. Nilimuuliza nani atakubali kumsalia akiwa hivyo, akajibu kwamba hilo ni letu tutakaobaki. Mchungaji nimemweleza, alinisikiliza kwa upole, akasema hajui la kunishauri. Wewe nalijua utakalosema, wala sikulaumu. Nimefikiria kununua marekani nyingine, lakini zamzam haiuzwi sokoni Majengo, na wewe sitakudanganya juu ya jambo kama hili. Mjomba, nimekwama. Sina pa kushika.

Jana alipolala nilichukua mkasi nianze kufumua, ili angalau nikurudishie chako na kanisa nilirudishie chake. Uzi wa kwanza ulipokatika alifumbua macho, akaniuliza namtoa nani, wewe au marehemu baba. Nikaurudisha mkasi juu ya kabati.

Basi ukija Ijumaa, nakuomba usinigombeze mlangoni. Ingia kwanza umwone. Akikuuliza na wewe swali hilo, umjibu, maana mimi limenishinda.

Nisalimie Abdulrahim na mama yake, na majirani wote wanaonikumbuka. Mama anakusalimu sana. Leo asubuhi alitaka nimvalishe ile nguo, nikamvalisha. Amesema nikwambie zawadi yako imemkaa vizuri.

Mpwa wako,
Shamimu Hilda