Wapangaji wa Jibuti

Brooklyn Park, Minnesota

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimekuachia? Mama mdogo anasema sauti yako imerudi, lakini sitaamini mpaka uniambie mwenyewe. Sisi wazima. Theluji imeanza kuyeyuka, na mama mdogo bado anafanya zamu za jioni, kuhudumia wazee. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu maneno hunipotea.

Unajua nilivyo. Muhula uliopita, kwenye klabu ya mdahalo, niliandika hotuba nzuri kisha nikampa mwenzangu aisome. Safari hii mwalimu aliniambia kwa upole kwamba nisiposimama mwenyewe, nafasi yangu atapewa mwingine. Nikapangiwa Jibuti, nchi ndogo ambamo Wamarekani na Wachina, watu wasioaminiana, wote wana kambi za kijeshi. Wafaransa na Wajapani nao wamo. Nilitakiwa kueleza kwa nini nchi ikubali wageni wa namna hiyo.

Nilisoma kila nilichokipata maktaba. Siku ilipofika nikasimama, na vyote vikanitoka kichwani. Kilichobaki ni nyumba yetu ya Morogoro.

Basi nikasema mama yangu ana wapangaji wawili wasiosalimiana, fundi redio na fundi cherehani. Fundi redio alipotuwekea taa uani, wiki haikuisha fundi cherehani akaleta mapazia, maana hakuna anayetaka mwenzake apendwe zaidi. Na kwa vile wanachungana mchana kutwa, hakuna mwizi anayesogea. Nikasema pia kwamba mama hali kwa mmoja bila kwenda kuonja kwa mwingine. Klabu nzima ikacheka, lakini si kwa kunicheka mimi. Nikaendelea mpaka mwisho, Mama, kwa sauti yangu.

Kisha msichana mmoja wa klabu, Hodan, akanyoosha mkono. Wazazi wake walizaliwa Jibuti na bibi yake bado anaishi huko. Akauliza, "Na wapangaji wakipigana, mama mwenye nyumba anakimbilia wapi?"

Ningeweza kutunga jibu. Nikasema, "Sijui. Nitamwuliza."

Nafasi yangu sikuipoteza. Ila nilidhani Hodan amekasirika, mpaka alipokuja na sinia lake la chakula akaketi mezani kwangu, pale ninapokaaga na kitabu. Akanieleza kwamba ndege za kijeshi hupita juu ya paa la bibi yake, na wakati huohuo wajomba zake wamepata kazi kambini, kwa hiyo kwao hawajui waombe kambi zibaki au ziondoke. Tangu siku hiyo tunakula pamoja.

Sasa ndiyo nakuuliza. Siku mafundi wale walipokabana mashati uani, mimi nilijificha chini ya kitanda. Nilipotoka, kila mmoja alikuwa chumbani kwake, na wewe unafagia ua kama kawaida. Ulifanya nini? Uliogopa? Niandikie ukweli, hata kama ni mistari miwili. Hodan naye anasubiri.

Mpe bibi shikamoo yangu, na mdogo wangu Juma mwambie daftari la kuchorea nimeshamnunulia. Wasalimie na mafundi, kila mmoja mlangoni kwake. Usiwaambie kwamba klabuni mmoja alikuwa Marekani na mwingine Uchina. Watagombania nani awe nani.

Binti yako, ambaye siku hizi anaongea,
Rehema