Saa Sita za Mama

Kilindoni, Jumatano. Mvua ilianza alfajiri na hata sasa, baada ya alasiri, haijakatika. Chakula nimekifunika tu.

Mimi ni daktari bingwa wa tiba ya dharura. Miaka mitano ya shahada, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, mitatu ya ubingwa, yote Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuwahi. Nimerudi kisiwani Mafia kwa utafiti: nataka kujua mgonjwa wa visiwa vidogo huchukua muda gani kufika hospitali, na nini humchelewesha.

Leo nilikuwa kisiwa kidogo cha Chole, kwetu. Wa mwisho niliyemhoji alikuwa Bi Mwanahawa, jirani aliyempeleka mama hospitali miaka minne iliyopita. Mama alifariki kabla boti haijafika ng'ambo, Utende. Mimi nilipigiwa simu nikitoka kwenye mtihani wa mwisho wa ubingwa.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukaketi barazani. Nikamsomea swali la kwenye fomu kama ninavyowasomea wote: dalili zilianza saa ngapi?

"Saa mbili asubuhi. Tumemaliza kunywa chai tu."

Kalamu ikanisimama. Siku zote niliambiwa ni saa nane mchana.

"Mbona mlichelewa hivyo?"

Alinitazama sana. "Mama yako alikataa kupelekwa, mwanangu. Kifua kinambana, jasho linamtoka, anasema, 'Zuhura akipigiwa simu ataacha mtihani. Ngojeni amalize.' Akatuapisha."

Saa sita.

Alikaa saa sita na maumivu ya kifua. Na mimi, siku hiyo hiyo, nilikuwa naandika majibu ya swali la mgonjwa mwenye maumivu ya kifua.

Miaka yote hii nimelaumu maji na barabara. Hata andiko la utafiti wangu nililiandika kwa hasira hiyo.

Bi Mwanahawa alinishika mkono. "Nisamehe," akasema. Nikamwambia hana kosa. Nilimaanisha? Sehemu yangu moja, ndiyo. Nyingine ilitaka kupiga kelele pale pale.

Fomu yake sikuijaza.

Nimemkumbuka mama leo kuliko siku ya maziko. Sitaki anifariji. Nataka nigombane naye. Nataka nimwambie mtihani hurudiwa, mwakani upo, halafu anijibu kwa ukali wake, anisonye, aingie jikoni. Aliniita "daktari wangu" tangu nipo darasa la sita. Natamani kuitwa hivyo hata mara moja, sasa ninapojua alilipia nini.

Kesho narudi Chole bila fomu. Nitamwomba Bi Mwanahawa awaite wanawake wenzake, niwaeleze kifua kinachobana ni nini, na kwamba hakuna mtoto wa kumsubiri. Nitawasimulia habari ya mama, kwa jina lake.

Sijui kama sauti itanitoka. Nitakwenda hivyo hivyo.