Wamenipiga Picha Nikikulilia, Skola

Mwanangu Skola,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Chanji. Baba yako hajambo, ila goti linamsumbua upepo ukianza. Mdogo wako Deo hajambo, amerudi shule. Bibi yako wa Milanzi hajambo, kila asubuhi anapiga makofi kukusalimu kwa desturi yetu, kama vile umepita mlangoni. Hata kuku wako mwekundu hajambo, anaatamia. Mimi nipo. Nipo tu mwanangu, kinyaa kimenijaa mpaka chakula hakishuki.

Sababu ni Festo, yule mliyekuwa mkipanga naye kurasa za jarida. Alikuja msibani kwako, akala maharage yetu, akanishika mkono, "Pole mama, pole sana." Kumbe kamera iko ndani ya koti! Jarida limetoka, nani yuko mbele? Mimi. Nimekaa kwenye mkeka, kitenge kimenivuka kichwani, mdomo wazi, makamasi yanaonekana. Na maneno mekundu, makubwa: MAMA AZIMIA, AFICHUA SIRI YA BINTIYE. Nilizimia lini mimi? Siri gani, Skola? Si nimonia ilikuchukua, mtaa mzima unajua? Nikafungua ndani, nikafuata kwa kidole mstari kwa mstari. Siri hamna. Kuna tangazo la sabuni. Nikatema mate chini, palepale sokoni, watu wakiniangalia.

Wewe hukuwa hivyo. Ulikuwa unatandaza kurasa zako hapa sakafuni, unaniuliza, "Mama, jicho lako limeanguka wapi kwanza?" Nikikuonyesha yule mama wa pichani anayepepeta ulezi, unacheka, "Basi habari inaanzia hapo." Nikichoka kusoma, unapunguza maneno. Nikauliza hapa peupe mbona unaharibu karatasi, ukasema, "Mama, acha msomaji apumue." Na yale maneno ya juu ulisema ni kama kumwita mtu aje kula, akifika akute chakula kipo. Festo anawaita watu kwenye sufuria tupu, tena kwa machozi yangu. Ptuu!

Juzi karudi. Anataka picha yako ile unayocheka, eti wasomaji wanaililia. Na mimi nikasimame kaburini, "kidogo tu mama, uinamishe kichwa." Nikamwambia, "We Festo, mwanangu siyo pambo la jarida lako. Toka." Baba yako anasema tuyaache. Siyaachi. Ninachoogopa, hiyo picha imo kwenye simu za rafiki zako. Nimewazungukia mmoja mmoja mpaka Mazwi, nimewapigia magoti wasimpe. Wameitikia, lakini moyo wangu hautulii.

Ukurasa wako wa mwisho, ule wa akina mama wa maharage, uko sandukuni kwangu. Festo hataugusa. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna neno jekundu litakalopanda juu yako, na pale peupe hapatauzwa sabuni. Akija tena atanikuta mlangoni.

Haya mwanangu, pumzika. Ukipata njia niletee jibu upesi, hata ndotoni, uniambie kama nimefanya sawa. Na uandike herufi kubwa kama zamani, unayajua macho yangu.

Mama yako