Aliyeichora Ramani ya Mtaa Wetu

Nakuru

Dada yangu Mariamu,

Pokea salamu za ndugu yako aliye mbali. Hujambo? Miguu ya Mama inaendeleaje? Mimi nipo, napata vibarua vya uashi, nakula, ila usingizi umenikimbia. Barua hii unaletewa kwa mkono na yule shangazi anayeuza samaki mpakani Busia. Ukishaisoma, ichome.

Umeniandikia kwamba mtaro wa mtaa umechimbwa hatimaye, na mvua za mwaka huu hazikuingia ndani kwa mtu. Nilifurahi, kisha nikalia. Mji ulipotupuuza tukasema basi, mtaa tutaupanga wenyewe. Kila mwenye nyumba alipigilia kigingi chake kwa mkono wake, pale alipokubali maji yapite, nami nikafuata na kamba na karatasi. Mzee Odoi jirani aling'oa ua wake huku akinitania kwamba nitamsukuma hadi mji wa Lumino huko.

Kosa langu lilikuwa uzio wa kambi ya jeshi. Maji hayakuwa na njia ila kando yake, nikauchora. Sikuwaza zaidi ya maji.

Sasa swali lako. Umeniuliza mara tatu, nami nikakujibu habari za mvua: kwa nini walimchukua Hamisi mumeo peke yake, dereva wa lori asiyejua hata kushika penseli? Alasiri ile wewe ulikuwa sokoni. Mimi nilikuwa kwenu, dada, chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Askari waliitandaza ramani yangu mezani.

"Nani nachora hii? Wewe nataka onyesha adui kambi?"

"Hii ya maji tu, afande."

"Nauliza, nani nachora!"

Shemeji akalitazama pazia. Alijua nipo. Nikanyamaza.

"Mimi nachora," akasema.

Kesho yake nikavuka mpaka kuingia Kenya. Majirani zangu wa hapa nao wanatafuta mtu wa kuwachorea mtaa wao, nami nawaambia sijui. Mchana kweupe, mwiko mkononi, naisikia sauti ya Hamisi. Naona aibu, dada, na naogopa.

Nisalimie watoto, na Mzee Odoi. Na Mama, ambaye unasema kila Ijumaa anamshukuru Mungu kwamba siku ile mimi sikuwepo, msomee barua hii kabla hujaichoma.

Ni mimi nduguyo,
Abdu