Tarehe Tatu za Barua Moja

Masanja,

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Siku tulipoondoa matanga nyumbani kwako Sapiwi, nilimwambia mkeo kwamba nitakuandikia kabla pamba haijafunguka. Pamba imefunguka, imechumwa, nami sijaandika hata mstari mmoja. Sina udhuru. Nilikuwa nikikaa na kalamu, nikiandika jina lako, kisha nikisimama kwenda kuwaangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Leo nimekaa. Kamati ya chama chetu cha wakulima inakutana kesho asubuhi pale ofisini Bariadi. Jina lako litatajwa, na atakayelitaja ni mimi. Sikutaka ulisikie kwa mwingine kabla yangu.

Ulikuwa hospitalini wakati mbegu zetu za kwanza zilipokataa kuota. Tulipanda mara ya pili, tukachelewa, na mavuno yamekuwa haba. Tulidhani ni bahati mbaya. Mwezi uliopita tukajua kwamba tulionywa. Mkaguzi wa mbegu alituma barua pepe: shehena ile isipandwe, ingebadilishwa. Aliituma kwa katibu wetu, Kabula. Mwenyekiti alikaa kwenye meza ya Kabula, akateremka katika sanduku lake la barua pepe hadi mwezi ule, akaikuta. Ilikuwa imepokelewa siku nane kabla hatujapanda. Akaifungua mbele yetu sote, akaisoma kwa sauti.

Kabula alisimama karibu na kabati la mafaili. Alisema, "Mwalimu, ningeiona ningenyamaza? Shamba la mama yangu si limo humo humo?"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Tarehe si hiyo hapo, Mwalimu? Au miwani imekugomea?"

Tarehe ilikuwa pale. Tangu siku ile Kabula akipita sokoni watu wanasema, bila kushusha sauti, kwamba ndiye aliyeficha barua. Kesho kamati itaamua kama aondolewe kazini. Ana watoto wawili, na hana shamba lake mwenyewe.

Nilikumbuka neno lako. Ulikuwa ukisema, "Mwalimu, watu wakibishana, usiwaulize watu. Iulize seva. Seva haina ndugu."

Basi nikaenda chumba cha nyuma, ulikokuwa ukiitunza seva ya barua pepe za chama, nikachukua daftari lako. Unakumbuka siku ulizonifundisha? Nilikufundisha kusoma ukiwa na miaka saba, nawe ukanifundisha kuandika amri nikiwa na miaka sitini na tisa. Nilibisha. Nilisema mzee hana kazi na dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Ukajibu kwamba mtu wa pili lazima ajue, kwa sababu wewe si jiwe. Sikupenda maneno yale. Nilikuambia uache uchuro. Ukacheka, ukaniambia niandike.

Nilikosea mara nne kabla seva haijanijibu. Mara ya tatu nilisahau kuacha nafasi kati ya maneno mawili, nikakusikia kabisa ukinidhihaki: "Huyu ni mkali kuliko wewe, Mwalimu. Nafasi moja ikikosekana, hatoi hata maksi moja."

Nilifuata utaratibu wako kama ulivyouandika. Kwanza neno la amri, fetch, ambalo wewe uliliita "chota". Kisha jina la mwenye sanduku. Kisha mambo ninayotaka kuyajua. Mwisho, ni barua ipi. Na chini ya ukurasa uliandika kwa wino mwekundu: SOMA BAHASHA, USIFUNGUE BARUA. Nimeishika kanuni hiyo. Sikuchota maneno ya mtu yeyote. Niliomba yale ya nje tu: nani ametuma, lini imeandikwa, lini imepokelewa, lini imewekwa katika sanduku lile, na kama imesomwa.

Kuhusu kusomwa, seva ilisema imesomwa. Jibu hilo halikuwa na thamani tena. Mwenyekiti alipoifungua mbele yetu aliifuta alama ya kutosomwa, ambayo pengine ingemwokoa Kabula papo hapo. Nilikasirika hadi nikasimama. Kisha nikakaa, nikazitazama tarehe.

Zilikuwa tatu. Imeandikwa Jumanne. Imepokelewa Jumanne hiyo hiyo. Lakini imewekwa katika sanduku la Kabula siku ya Ijumaa, wiki tatu na siku tatu baadaye. Wakati huo mbegu zilikuwa zimekwisha kuoza ardhini.

Nilidhani nimekosea tena. Nikaandika amri upya, herufi kwa herufi. Jibu likawa lile lile. Ndipo nikauliza seva swali lingine: ni barua zipi nyingine, katika masanduku yetu yote, zilizowekwa Ijumaa ile? Zikatoka thelathini na moja, za watu saba, zote alasiri moja. Miongoni mwao zilikuwamo mbili zangu mwenyewe, ambazo sikuwa nimeziona hadi wakati huo.

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Ijumaa. Alasiri. Lilikuwa kapu lako, Masanja.

Wanakamati wengi hawajui habari za kapu, lakini mimi ninazijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyelidai. Barua za matapeli zilikuwa zikitujia kila siku, nami nilikuja kukulalamikia kwamba uchafu ule usiwafikie wanachama. Ukaweka kanuni: barua yoyote ya mtu mgeni, yenye kiambatisho, iingie kwanza katika folda uliyoiita Kapu. Kila Ijumaa baada ya chakula ulikaa kuzipepeta, kama mama apepetavyo mtama kwenye ungo. Makapi ukatupa, punje ukampelekea kila mwenyewe. Nilikusifu. Nilisema hiyo ndiyo kazi safi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: Ijumaa ikifika na mpepetaji hayupo, nafaka inakaa wapi?

Nawe ulikuwa kitandani. Ulitwambia ni malaria, na kwamba usingekawia. Wiki tatu kapu lilijaa, na barua ya mkaguzi, mgeni mwenye kiambatisho, ilikuwa humo. Uliporudi Ijumaa ile, ukitembea kwa kushika ukuta, nilikuja kukusalimu, "Mwadila, Masanja," ukaitika bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Nilidhani ni uchovu. Sasa najua ulikuwa ukipepeta. Ulipeleka kila barua kwa mwenyewe, na kila moja ikajipanga chini, mahali pa tarehe yake ya kupokelewa, nyuma ya zile ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzisoma. Nani anarudi kutafuta barua mpya miongoni mwa za zamani? Kabula hakuificha. Haikuwapo. Na ilipokuwapo, ilikuwa imejificha yenyewe.

Je, uliiona barua ya mkaguzi mikononi mwako? Ulijua maana yake ukanyamaza, au ulikuwa umechoka mno kuisoma? Hilo seva haiwezi kunijibu. Nimejiuliza kwa siku tano. Nimeamua kuliacha, kwa kuwa si swali la kamati. Ni letu wawili.

Juzi nilipanda bodaboda hadi Sapiwi kumwambia Minza kabla ya mtu mwingine. Mkeo ni mzima, na ukuta wa jiko uliouacha nusu ameumaliza mwenyewe. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo utamzika mara ya pili, Mwalimu."

Nilimwambia marehemu hasemwi vibaya, najua, nimelelewa hivyo. Lakini anayebebeshwa mzigo huu yuko hai.

Alitupa gunzi kando, akachukua hindi jingine. Kisha: "Kabula ndiye aliyekuwa akituletea uji wodini. Kila siku. Wewe ulikuja mara ngapi?"

Mara mbili, Masanja. Nilimjibu ukweli. Akasema, "Basi nenda ukaseme. Lakini useme yote. Usimwachie Masanja peke yake."

Nitasema yote. Nimekwisha kuandika nitakayoyasoma, ukurasa mmoja, bila mapambo. Nitasoma tarehe tatu. Nitaeleza kapu ni nini, nani aliliomba na nani alilitengeneza. Nitasema kwamba mtu mmoja aliachiwa kazi ya watu wawili, na kwamba kamati, nikiwamo mimi, iliona jambo hilo ni jema kwa kuwa halikutusumbua. Nitamwalika mwenyekiti aandike amri kwa mkono wake, aone jibu kwa macho yake. Akinuna na anune. Wakisema ninamsingizia maiti kwa sababu hawezi kujibu, nitawaonyesha maandishi yako mwenyewe ndani ya daftari. Na kama ni lazima mtu aondoke ofisini, barua yangu ya kujiuzulu ujumbe wa kamati imo mfukoni, imetiwa sahihi.

Jana nililiondoa kapu. Nilifuata ukurasa wako wa kumi na mbili, mstari kwa mstari, polepole, kwa maana ilikuwa kazi yako nami nilikuwa naifuta. Uchafu wa matapeli umeanza kutufikia tena. Leo nimepokea barua ya mtu anayejiita mwana wa mfalme, na ameharibu kila sentensi. Nimeivumilia.

Ulikuwa mwanafunzi niliyemwamini kuliko wote, na bado ni wewe. Kwa sababu hiyo sitakusafisha kwa uongo. Wewe mwenyewe ulinifundisha chombo hiki, ukaniachia wino mwekundu, ukaniambia seva haina ndugu. Sikujua kwamba siku nitakayoiuliza itanijibu habari zako na zangu.

Wabeja, Masanja, asante kwa daftari. Lala salama huko uliko. Kesho wakiamua, kwa heri au kwa shari, nitakaa siku hiyo hiyo nikuandikie. Safari hii sitaiweka kalamu chini niende kwa ng'ombe.

Mwalimu wako